Kabla Hujasema Sasisho Linakula Bando

Katikati ya Mei 2019, waliofungua ukurasa wa WhatsApp kwenye duka la programu la simu zao walikuta toleo jipya na maelezo mafupi ya kilichobadilika: sasa unaweza kuona stika kwa ukubwa wake kamili ukibonyeza arifa na kuishikilia. Basi. Mtu aliyebakiwa na MB mia mbili za kumfikisha Ijumaa angekuwa mwehu kuzimalizia kwenye stika. Wengi waliahirisha, na kwa maelezo yale nani angewalaumu?

Ambacho hakikuandikwa pale ni kwamba siku chache kabla, wahandisi wa WhatsApp walikuwa wamegundua tundu katika sehemu ya programu inayoshughulikia simu za sauti. Aliyelijua tundu hilo angeweza kukupigia na, pamoja na mwito, akatuma data iliyopangwa kwa ustadi ili ifurike mahali pasipostahili ndani ya kumbukumbu ya simu. Kupitia mfuriko huo iliingizwa Pegasus, programu ya ujasusi inayotengenezwa na kampuni ya NSO Group ya Israel. Haikuwa lazima upokee. Ilitosha kukubipu. Baadhi ya waliopigiwa hawakuona hata alama ya simu hiyo kwenye orodha ya miito, kwa kuwa ilifutwa. Baada ya hapo aliyekutegea husoma ujumbe wako, huwasha kipaza sauti akiwa umbali wa maelfu ya kilomita, hutazama kupitia kamera.

WhatsApp ilisema baadaye kwamba watu wapatao 1,400 walilengwa katika kampeni hiyo, zaidi ya 100 kati yao wakiwa watetezi wa haki za binadamu, waandishi wa habari na watu wa asasi za kiraia katika nchi zisizopungua 20. Miongoni mwao walikuwamo Wanyarwanda wanaoishi uhamishoni na kuikosoa serikali ya Kigali. Serikali hiyo imekanusha kuitumia Pegasus. WhatsApp iliifungulia NSO kesi California Oktoba 2019, nayo ikachukua miaka. Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama liliiamuru NSO ilipe zaidi ya dola milioni 167, na miezi mitano baadaye jaji akakishusha kiwango hicho hadi karibu dola milioni 4, huku akiipiga marufuku kampuni hiyo kuwagusa tena watumiaji wa WhatsApp.

Sasa, muuza dagaa wa Kirumba si mpinzani wa serikali yoyote, na hakuna atakayetumia silaha ghali kama Pegasus ili kusoma oda zake. Hoja hiyo husikika kila mahali: mimi ni nani hata wanitafute? Ni hoja ya kweli kwa siku ambazo tundu linajulikana na watu wachache wenye fedha. Huacha kuwa ya kweli siku sasisho linapotoka, na hapo ndipo wengi wetu tunapoielewa habari hii kinyume.

Sasisho linapotolewa, kila mtu duniani hulipata, wema na wabaya. Mtu mwenye ujuzi huchukua toleo la zamani na toleo jipya, huyalinganisha mstari kwa mstari, na palipobadilika ndipo palipokuwa na kasoro. Kazi iliyomchukua mgunduzi wa kwanza miezi inaweza kumchukua wa pili siku chache. Ni kama mjumbe wa mtaa kubandika tangazo kwamba vitasa vya aina fulani hufunguka kwa msumari, waliobadilisha wamepona, wasiobadilisha wajihadhari. Wezi nao wanajua kusoma. Kwa hiyo aliyeahirisha sasisho hayuko pale alipokuwa jana. Amesogezwa nyuma bila kunyanyua mguu, na silaha iliyokuwa ya matajiri imeanza kushuka bei.

Tatizo hilo huwa kubwa zaidi kwa sababu programu hazitengenezwi kila moja kutoka mwanzo. Mwandishi wa programu huazima vipande vilivyoandikwa na wengine: kipande cha kufungua picha, cha kucheza video, cha kusimba ujumbe. Septemba 2023, Citizen Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto inayofuatilia udukuzi wa aina hii, ilikuta Pegasus kwenye iPhone ya mtu anayefanya kazi katika asasi yenye ofisi Washington. Apple ilitoa marekebisho Septemba 7. Siku chache baadaye Google nayo ikakimbilia kuirekebisha Chrome, kwa sababu kasoro ilikuwa ndani ya libwebp, kipande kinachofungua picha za aina ya WebP. Kipande hicho hicho kilikuwa ndani ya Firefox, Telegram na orodha ndefu ya nyingine. Kila mwenye programu alilazimika kutoa sasisho lake. Mwenye simu aliyeona programu sita zikiomba kusasishwa wiki moja alidhani anasumbuliwa, kumbe ni ugonjwa mmoja uliohitaji dawa sehemu sita.

Na maelezo yaliyoambatana na mengi ya masasisho hayo? "Marekebisho ya hitilafu na maboresho ya utendaji." Sentensi hiyo imeandikwa mara nyingi kiasi kwamba imepoteza maana, na kampuni zenyewe ndizo za kulaumiwa. Zipo sababu za kutoeleza tundu lote siku ya kwanza. Ukieleza sana, unawarahisishia kazi wale wanaolinganisha matoleo. Lakini kati ya kueleza kila kitu na kuzungumzia stika kuna nafasi kubwa. Neno moja tu, "usalama", lingetosha kumfanya mtu mwenye bando dogo aamue tofauti.

Maana kwetu huku, uamuzi wa kusasisha ni wa fedha. Ushauri wa "washa masasisho ya kiotomatiki usahau" uliandikwa na watu wenye Wi-Fi nyumbani, wakiwaandikia wenzao. Tazama Play Store inavyofanya kazi usipogusa chochote: husasisha programu simu ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi, iko kwenye chaji, na haitumiki. Kwa familia ya Stockholm hayo ni maelezo ya kila usiku. Kwa mtu wa Mbagala anayejiunga bando la siku au la wiki, anayechaji dukani kwa jirani umeme ukikatika, na ambaye simu yake haijawahi kuonja Wi-Fi tangu itolewe kwenye boksi, masharti hayo matatu hayakutani hata siku moja. Simu yake haikukataa kusasishwa. Inasubiri hali ambayo haitatokea. Akifungua Play Store siku moja kwa bahati anakuta programu arobaini zimepanga foleni, anashtuka, anafunga.

Wapo pia waliochomwa. Mtu ambaye Play Store yake imeruhusiwa kusasisha kwa data yoyote ameweka bando la usiku ili amalizie tamthilia, akaacha simu imewashwa data, asubuhi anakuta ujumbe wa mtandao kwamba kifurushi chake kimekwisha. Anamuuliza kijana anayejua simu, kijana anaingia kwenye mipangilio ya Play Store na kuzima masasisho yote. Tatizo la bando limekwisha. Miaka miwili baadaye simu hiyo ina kivinjari cha miaka miwili iliyopita, na yeye hakumbuki kama kuna kitu kilizimwa.

Mimi sidhani jibu ni kumhubiria mtu huyo. Jibu ni kufanya hesabu vizuri zaidi. Kwanza, sasisho si sawa na kupakua programu upya. Tangu miaka mingi Play Store hutuma tofauti tu kati ya toleo ulilonalo na jipya, kisha simu yenyewe huunganisha. Mwishoni mwa 2016 Google ilitangaza njia mpya ya kubana tofauti hizo na kusema kwamba, kwa wastani, sasisho huwa dogo kwa asilimia 65 kuliko programu nzima. Kadiri toleo lako lilivyo la zamani, ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa, kwa hiyo anayesasisha mara kwa mara hulipa kidogo kila mara, na anayelimbikiza hulipa nyingi kwa mkupuo. Ukilinganisha na video za harusi, mahubiri na vichekesho zinazojipakua zenyewe kwenye makundi ya WhatsApp, masasisho huenda si mlaji mkubwa kwenye simu yako. Zima upakuaji wa video kiotomatiki kwanza, halafu tuzungumze.

Pili, programu hazilingani. Ukiwa na MB chache, swali ni zipi zinakutana na watu usiowajua. Kivinjari ndicho cha kwanza, maana hufungua chochote ambacho mtu yeyote ameweka kwenye intaneti. Pamoja nacho kuna kitu kiitwacho Android System WebView ambacho wengi hukiona kwenye orodha wasijue ni nini. Hicho ndicho kinachofungua kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine, na ukikiacha kizeeke umeziachia nyingi zizeeke pamoja nacho. Kisha programu za ujumbe, kwa kuwa yeyote mwenye namba yako anaweza kukutumia kitu. Kisha za fedha: benki, M-Pesa, Tigo Pesa ambayo siku hizi imebadilishwa jina, na wenzake. Baada ya hapo vinavyofungua mafaili ya watu wengine, kama visoma PDF na vicheza video. Gemu la mtoto linaweza kusubiri hadi utakapopata Wi-Fi ofisini au kwa shemeji. Tochi haihitaji sasisho. Kwa kweli tochi haihitaji hata kuwa programu, simu nyingi zinayo ndani, na ile uliyopakua mwaka juzi ungeiondoa leo ungekuwa umefanya jambo jema kuliko kuisasisha.

Play Store inakuruhusu kufanya hivyo. Ukiingia kwenye orodha ya masasisho yanayosubiri, kila programu imeandikiwa uzito wake na kitufe chake, huhitaji kubonyeza cha kusasisha zote. Na unaweza kuingia kwenye ukurasa wa programu moja, ukabonyeza vitone vitatu pembeni, ukairuhusu au kuikatalia kujisasisha peke yake bila kugusa nyingine.

Kikwazo kingine si bando bali nafasi. Simu yenye GB 16 au 32 hujaa haraka, na sasisho linahitaji pumzi kidogo ya kufungulia mizigo. Kinachojaza mara nyingi ni picha za maua zenye "asubuhi njema" kutoka makundi ya ukoo. WhatsApp ina sehemu ya kudhibiti hifadhi inayokuonyesha mafaili makubwa na yaliyosambazwa mara nyingi, moja baada ya jingine, na nusu saa ya kufuta huko hurudisha nafasi ambayo watu huinunulia kadi ya kumbukumbu. Shangazi hatajua.

WhatsApp yenyewe haina subira na wazembe. Kila toleo lake lina tarehe ya mwisho. Likifika hapo linagoma, linakuambia limepitwa na wakati. Kuna waliogundua dawa ya mtaani: rudisha tarehe ya simu nyuma mwezi mmoja, programu inadanganyika. Hufanya kazi kwa muda, mpaka kurasa nyingine zinapoanza kukataa kufunguka. Vyeti vinavyothibitisha kwamba tovuti ya benki ni ya benki kweli vina tarehe za kuanza na kuisha, na simu inayoishi mwezi uliopita haiwezi kuvikagua. Umeokoa MB kadhaa kwa kuivunja saa ambayo usalama wote mwingine unaitegemea.

Njia iliyoenea zaidi ya kukwepa bando, hata hivyo, ni kurushiana. "Nirushie WhatsApp mpya." "Nirushie ile yenye rangi." Simu mbili zinawekwa jirani, Xender, programu ya kurushiana mafaili, inafunguliwa, na baada ya sekunde chache programu imehamia upande wa pili bila senti. Kwa uchumi wa kawaida ni jambo la busara kabisa, na sioni haya kulisifu. Google nayo iliona, ndiyo maana iliweka ndani ya Play Store sehemu ya kutuma na kupokea programu kati ya simu zilizo karibu, bila intaneti, na simu iliyopokea ilikagua kama faili ni lile lililotoka dukani. Wachache waliijua, na ni hasara, kwa kuwa ilitatua hasa kile ambacho Xender inatatua, pamoja na ukaguzi juu yake.

Simu yenyewe nayo ina ukaguzi wake, unaohitaji kuelezwa. Kila programu ya Android hutiwa sahihi ya kidijitali na mtengenezaji wake. Ukitaka kuweka toleo jipya juu ya la zamani, simu hulinganisha sahihi mbili, na zisipofanana hukataa: programu haijasakinishwa. Hii ni mojawapo ya kinga imara zaidi katika simu yako, na hufanya kazi hata pasipo mtandao. Mtu akikurushia WhatsApp iliyochezewa, haiwezi kuikalia WhatsApp halisi. Tatizo huanza na ushauri unaofuata, ambao fundi yeyote atakupa bila nia mbaya: "Ifute kwanza hiyo ya zamani, halafu weka hii." Ukiifuta ya zamani, hakuna tena sahihi ya kulinganisha nayo. Mlinzi umemfukuza mwenyewe, kisha ukafungua mlango.

GB WhatsApp na ndugu zake, yaani WhatsApp zilizochezewa na watu wengine, huingia kwa jina lingine kabisa, hivyo hawagongani na mlinzi huyo tangu mwanzo. Umaarufu wao Dar, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi hauhitaji takwimu. Tazama tu simu za abiria kwenye daladala. Huficha kwamba umesoma ujumbe, huonyesha hadhi ambazo mwenyewe ameshazifuta, hubadilisha rangi. Nawaelewa wanaozipenda. Lakini hazimo dukani, kwa hiyo hakuna anayezisasisha kwa utaratibu. Unategemea tovuti fulani na mtu usiyemjua akuletee toleo jipya kila WhatsApp halisi inapobadilika, na akichoka kazi umeachwa hapo ulipo. Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky iliikuta FMWhatsApp, mojawapo ya matoleo hayo, ikiwa na Triada ndani yake, programu hasidi inayoweza kupakua nyingine na kumwandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Mwaka uliofuata Kaspersky hao hao waliikuta YoWhatsApp ikituma nje funguo za akaunti za watumiaji wake. Mwenye funguo hizo anaweza kuandika kwa jina lako: "Nitumie elfu hamsini kwa namba hii, yangu ina tatizo." Ujumbe huo sote tumeshaupokea kutoka kwa mtu tunayemfahamu, na tukampigia, akashangaa.

Na chombo cha kurushia nacho ni programu kama nyingine. Februari 2021 kampuni ya Trend Micro ilitangaza kasoro kubwa ndani ya SHAREit, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja. Trend Micro ilisema iliwaarifu wenye programu miezi mitatu kabla, ikakaa kimya ikisubiri, na hakuna kilichofanyika hadi ilipoamua kusema hadharani. Marekebisho yalikuja baada ya hapo. Lakini mtu aliyerushiwa SHAREit na rafiki, asiyeifungua Play Store, aliyapataje?

Nimekuwa upande wa masasisho muda wote huu, kwa hiyo ni haki kuwasikiliza wasioyaamini. Nao wana ushahidi. Machi 2021 ile WebView niliyoitaja hapo juu ilisasishwa vibaya, na kwa saa kadhaa programu nyingi za Android duniani, Gmail ikiwamo, zilikuwa zikifungwa zenyewe kila zinapofunguliwa. Aliyekuwa amezima masasisho alikunywa chai yake kwa amani siku hiyo. Google ilitoa marekebisho, mambo yakatulia, lakini kumbukumbu hubaki.

Kesi ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa haikuwa ajali. Kulikuwa na programu ya kusoma misimbo ya bidhaa iliyoitwa Barcode Scanner, yenye zaidi ya watumiaji milioni kumi kwenye Play Store, iliyofanya kazi yake kwa uaminifu miaka mingi. Mwishoni mwa 2020 ilipata sasisho, na baada ya sasisho hilo simu za watu zikaanza kufungua kivinjari zenyewe na kuonyesha matangazo. Kampuni ya Malwarebytes iliifichua, Google ikaiondoa dukani. Mwingine ni mkasa wa iRecorder, programu ya kurekodi skrini iliyoingia dukani Septemba 2021 ikiwa safi. Agosti 2022 toleo jipya lilikuja na uwezo wa kurekodi sauti ya mazingira kwa siri na kuipeleka nje. Watafiti wa ESET waliitangaza Mei 2023, ikiwa imeshapakuliwa zaidi ya mara 50,000.

Mikasa hiyo hufundisha jambo ambalo ushauri wa kawaida hulipita. Unapopakua programu leo, humkubali tu aliyeiandika leo; unamkubali pia yeyote atakayekuwa nayo kesho, akiuziwa, akiibiwa au akibadilika tabia. Kwa WhatsApp, Chrome au programu ya benki, tunajua ni nani na tunajua wapi pa kumshtaki. Kwa kisoma misimbo, kibodi ya rangi, nyota za falaki na kalenda ya mimba, hatujui. Kwa hiyo kinga dhidi ya sasisho baya ni kuwa na programu chache, wala si kuacha kusasisha zile zinazobeba maisha yako. Ukihofia ajali ya aina ya WebView, subiri siku mbili tatu. Kampuni kubwa zenyewe huyatoa matoleo kwa mafungu, asilimia chache ya watumiaji kwanza, ili kasoro ionekane kabla haijafika kwa wote. Siku tatu ni tahadhari. Miezi mitatu ni kitu kingine.

Kumbuka pia kwamba Google ikiiondoa programu dukani, haimaanishi imeondoka kwenye simu yako. Mara nyingi hubaki, inafanya kazi, haitasasishwa tena na hakuna atakayekuarifu. Programu za mikopo zimetufundisha hili kwa uchungu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nyingi za aina hiyo huomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyoyahifadhi, na siku ukichelewa kulipa, bosi wako na mama mkwe wanapigiwa. Tangu 2023 sera ya Google inazikataza programu za mikopo kusoma majina na picha za mteja, lakini sera hutawala yaliyomo dukani. Ile uliyorushiwa, au iliyobaki tangu zamani, inaendelea na ruhusa uliyoipa. Ingia kwenye mipangilio, tazama orodha ya programu zenye ruhusa ya kusoma majina, na usishangae ukikuta zaidi ya unavyodhani.

Kuna umri ambao simu ikiufikia, utiifu wako wote hausaidii. Januari 1, 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 na zilizo chini yake, mfumo uliotoka 2013. Agosti 2025 Chrome nayo iliacha kutoa matoleo mapya kwa Android 8 na 9. Kuanzia toleo la 139 inadai angalau Android 10. Simu hizo hazikuzimika. Chrome inafunguka, kurasa zinaonekana, ila kila tundu litakalogunduliwa kuanzia hapo litabaki wazi humo milele. Hili linatuhusu kuliko Wazungu wanaoandika kuhusu mambo haya, kwa sababu simu ikimaliza maisha yake ya kwanza huko kwao au Dubai huanza ya pili Kariakoo, mtaa wa Aggrey, au Luthuli Avenue kule Nairobi, ikiwa imesafishwa kioo na kubadilishiwa betri.

Ukinunua simu hapo, muuzaji atakuambia kuhusu kamera, GB na betri. Hatakuambia itasasishwa hadi lini, na si kwa ubaya, hajawahi kuulizwa. Muulize. Samsung na Google zimeahidi miaka saba kwa simu zao za juu kuanzia Pixel 8 ya 2023 na Galaxy S24 ya 2024, kwa hiyo S24 iliyotumika leo bado ina miaka mbele yake, wakati simu mpya ya bei ya chini iliyotoka boksi jana huenda imeahidiwa miwili au haikuahidiwa chochote. Umoja wa Ulaya umeweka sheria, tangu Juni 20, 2025, kwamba simu zinazouzwa huko zipate masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua mitano baada ya toleo hilo kuacha kuuzwa. Mamlaka zetu za mawasiliano zinakagua kama simu ni feki kwa kutumia namba ya IMEI. Swali la simu halisi itatunzwa kwa muda gani sijaliona mabangoni.

Kujua hali ya simu uliyonayo ni rahisi. Fungua mipangilio, nenda kwenye maelezo kuhusu simu, tafuta toleo la Android. Jirani yake kuna tarehe ya marekebisho ya usalama. Hizo tarehe za kila mwezi zina historia: Julai 2015 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Stagefright, iliyowezesha simu ya Android kuvamiwa kwa ujumbe wa picha tu, na Google ikaanza mwezi uliofuata kutoa marekebisho kila mwezi. Ikiwa tarehe yako ni ya miezi michache iliyopita, uko salama kiasi. Ikiwa ni ya miaka miwili au mitatu nyuma, angalia kwanza kama kuna sasisho la mfumo linalosubiri, pamoja na lile la Google Play lililo sehemu hiyo hiyo, ambalo tangu Android 10 huweza kuja bila kumsubiri mtengenezaji wa simu.

Kama hakuna, simu hiyo imestaafu, na haimaanishi uitupe. Itoe tu kwenye kazi ya fedha. Ondoa programu ya benki, rudi kwenye menyu ya namba: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *334# kwa ya Kenya. Menyu hiyo inaishi kwenye mitambo ya kampuni, haisasishwi na wewe, haili bando, na inapatikana hata kwenye kitochi. Ina maradhi yake, hasa laini yako ikisajiliwa upya na mwizi, lakini kivinjari kilichozeeka si mojawapo. Simu ibaki na redio, Kurani au Biblia, kandanda na picha. Na kabla hujampa mtoto achezee, ondoa akaunti yako ya Google, toa laini, kisha irudishe katika hali ya kiwandani, maana vinginevyo atakuwa anacheza gemu ndani ya barua pepe ambayo bado inapokea namba za siri za benki yako.